Japani ilishindwa na umbali kabla ya bomu la atomiki: uzi wa vita vya kuvuka bahari kuu

Mwana_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Kila jioni hapa mtaani ubishi ni ule ule: Marekani na China wakipigana kesho, nani ana manowari nyingi, nani ana makombora ya kufika mbali, nani atamwahi mwenzake siku ya kwanza. Watu wanajua ndege za kivita kwa majina mpaka namba zake. Lakini kuna swali ambalo sijasikia mtu akiliuliza: mazutu (dizeli) itabebwa na nani, na itashushwa wapi?

Sisi wa Katanga bahari tunaisikia redioni tu. Lobito, Dar es Salaam, Durban, kote ni zaidi ya kilomita elfu. Labda ndiyo maana jambo hili linatuingia haraka kuliko mtu aliyezaliwa karibu na gati: hapa kila mtu anajua kwamba mzigo ulionunuliwa na mzigo uliofika ni mambo mawili.

Naanza na Warusi. Mwaka 1904 Japani iliwavamia Port Arthur, kambi yao ya majini pwani ya China. Urusi ikaamua kikosi chake cha Bahari ya Baltiki kizunguke nusu ya dunia kwenda kuokoa. Kikatoka Libau mwezi wa Oktoba chini ya Admirali Rozhestvensky, safari ya kilomita kama 33,000, na njia nzima hakuna bandari hata moja ya kwao. Uingereza ilikuwa na mkataba na Japani tangu 1902, kwa hiyo bandari zake wasahau. Makaa ya mawe yaliletwa na meli za kukodi za Wajerumani, yakapakiwa baharini au kwenye ghuba za watu: Dakar, Gabon, hivyo hivyo hadi kusini. Kwa kuwa hawakuwa na hakika ya kupata mengine, walijaza kila pembe, juu ya sitaha, kwenye korido, mpaka vyumba vya kulala. Joto la ikweta, vumbi jeusi, baharia anabeba magunia mchana kutwa na usiku analala juu ya mzigo ule ule.

Walifika Nosy-Be, Madagascar, wakakwama pale zaidi ya miezi miwili. Wakiwa pale ndipo habari ikawafikia kwamba Port Arthur imeanguka, Januari 1905. Kule walikokuwa wanakwenda kuokoa hakuna tena cha kuokoa. Wakaendelea tu. Tarehe 27 Mei 1905 Admirali Togo wa Japani alikuwa anawangoja Tsushima, kati ya Japani na Korea, jirani na bandari zake, meli zimetengenezwa, watu wamepumzika. Meli za Warusi zilikuwa zimeota majani chini na zimelemewa na makaa. Kesho yake jioni hapakuwa tena na kikosi cha kuzungumzia.

Msimamo wangu ni huu: baharini nguvu ya jeshi inapungua kila maili, isipokuwa jeshi limekuja na bandari yake. Aliyeshinda Pasifiki mwaka 1945 ni yule aliyejua kubeba bandari. Karibuni mnipinge.

Shofere_Kasumba

Yaya, hapo njo umesema. Miye niko shofere, njia yangu ni ya Kasumbalesa. Kamiyo ikibeba mazutu kupeleka mbali, yenyewe iko inakula mazutu. Ukienda mbali zaidi, unafika na karatasi ya kusaini tu, tanki iko mutupu.

Lakini uniambie kitu kimoja. Kama bale Bajapani balijua hivi, juu ya nini kule Hawaii balipiga mameli, banaacha matanki ya mafuta?

Mwana_Kamalondo

Yaya, swali lako hata majenerali wamelibishania miaka mingi.

Tarehe 7 Desemba 1941 pale Pearl Harbor kulikuwa na mapipa kama milioni 4.5 ya mafuta kwenye matanki ya juu ya ardhi, yanaonekana wazi. Hawaii haina kisima cha mafuta. Kila tone lilitoka California kwa meli, kilomita karibu 3,900. Yangeungua yale, manowari zilizobaki zingerudi pwani ya Marekani, na vita ingeanzia huko.

Lakini maofisa wa Japani walifundishwa kwamba vita vya baharini huamuliwa na pambano moja kubwa, manowari kwa manowari, kama pale Tsushima. Ushindi wao wa 1905 uliwafundisha nusu ya somo. Waliona mizinga ya Togo, hawakuona makaa ya Rozhestvensky. Kwa hiyo rubani alipewa meli za kupiga. Na meli zenyewe zilizama kwenye maji ya kina kifupi, ndani ya bandari yenye mafundi: kati ya manowari kubwa nane zilizopigwa, sita zilirudi kazini. Ambazo hazikurudi ni Arizona na Oklahoma tu.

Karakana nazo waliziacha. Mei 1942 meli ya kubebea ndege Yorktown ilirudi Hawaii kutoka Bahari ya Matumbawe imepasuliwa na bomu, Wajapani wakiamini imezama. Mafundi waliishika siku tatu mchana na usiku, ikatoka. Tarehe 4 Juni ikawa kwenye pambano la Midway, ndege zake zikaizamisha Soryu, meli ya Japani ya kubebea ndege. Marubani wa Hiryu, meli nyingine ya Japani ya kubebea ndege, waliipiga Yorktown mara ya kwanza, mafundi wake wakazima moto na kuziba matundu. Waliporudi mara ya pili wakadhani wanapiga meli nyingine. Hiyo ndiyo bei ya kuacha karakana nzima.

Mbishi_wa_Ruashi

Mnazunguka bure. Marekani ilishinda kwa sababu ya pesa na viwanda, kwisha. Meli za mizigo za Liberty zilijengwa 2,710. Meli kubwa za kubebea ndege za aina ya Essex, 17 ziliingia kazini kabla vita kuisha. Ukiwa na viwanda vile, hata ukiweka mkakati wa mlevi utashinda.

Mwalimu_Katuba

Mbishi, pesa iko, lakini pesa haiogelei.

Mwana_Kamalondo

Mbishi, nashukuru kwa namba, ni za kweli. Sasa nikuonyeshe viwanda vikilala gatini.

Julai 1942, Wellington, New Zealand. Wanamaji wa Marekani wanajiandaa kwenda kuwapiga Wajapani kisiwa cha Guadalcanal, visiwa vya Solomon. Meli zao zilipakiwa kibiashara, yaani ili nafasi isipotee, si ili kitu cha kwanza kuhitajika kiwe juu. Ikabidi kila kitu kishushwe kipakiwe upya, tena haraka, askari wenyewe wakigeuka makuli. Ni majira ya baridi kule, mvua inanyesha. Chakula kilikuwa kwenye makatoni ya karatasi. Makatoni yakalowa, yakapasuka, bandari nzima ikawa uji wa nafaka za kifungua kinywa, watu wanatembea juu yake. Hao ndio wenye viwanda.

Baadaye mwaka ule ule, Nouméa, kisiwa cha New Caledonia, meli kwa makumi zilitia nanga zikingoja kushushwa. Gati chache, winchi chache, hakuna mwenye orodha kamili ya nini kiko meli gani. Na kule mbele askari wao Guadalcanal wanapunguziwa chakula. Detroit ilikuwa inatoa malori usiku na mchana, lakini lori lililo tumboni mwa meli isiyo na gati halimsaidii mtu.

Walichofanya baadaye ndicho ninachokiita kubeba bandari. Walikuwa na batalioni za ujenzi, mafundi wenye bunduki: wanashuka na buldoza nyuma ya askari, wanaponda matumbawe, baada ya siku chache ndege inatua. Wakawa na vyelezo vinavyoelea, yaani vya kuinulia meli zitengenezwe, vinavutwa vipande vipande, vinaunganishwa huko huko. Vile vya visiwa vya Espiritu Santo na Manus viliweza kuinua manowari kubwa nzima. Septemba 1944 wakachukua Ulithi bila kupigana. Ni atoli, yaani mwamba wa matumbawe umezunguka maji yaliyotulia, na visiwa vidogo vidogo tu pembeni. Hakuna mji pale. Katika miezi michache pakawa na meli za mafuta, meli za risasi, meli za hospitali, meli za karakana, mpaka tishari la zege la kutengeneza barafu ya maziwa. Machi 1945, kabla ya kuvamia kisiwa cha Okinawa, meli zaidi ya 600 zilikuwa mle. Wajapani Tokyo wanahesabu siku za adui kurudi Hawaii kujaza mafuta, na adui harudi.

Wazo hilo halikuzuka kwenye vita. Mipango ya Marekani ya kupigana na Japani iliandikwa na kuandikwa upya miaka mingi kabla, na ubishi wake mkubwa ulikuwa huu huu: twende moja kwa moja mpaka Ufilipino, au tupande ngazi kisiwa kwa kisiwa? Hata Nimitz mwenyewe, admirali aliyeongoza Marekani vita vya Pasifiki, mwaka 1917 akiwa ofisa kijana kwenye meli ya mafuta Maumee, alikuwa katika watu wa kwanza kujaza manowari mafuta katikati ya Atlantiki huku zikitembea.

Mwalimu_Katuba

Naongeza upande wa pili wa Guadalcanal, maana wanafunzi wangu hupenda kusikia mashujaa tu, njaa hawaipendi.

Wamarekani walichukua uwanja wa ndege pale Agosti 1942. Tangu hapo, mchana bahari ni yao, kwa kuwa ndege zinaona. Wajapani wakabaki na usiku. Manowari zao za kasi zikawa zinakimbia gizani kuleta askari na mchele, na lazima ziwe zimeondoka mbali kabla jua kuchomoza. Hakuna muda wa kushusha. Basi wakajaza chakula kwenye mapipa, nusu yake hewa ili yaelee, wakayafunga kwa kamba ndefu, wakawa wanayatupa karibu na pwani, askari wenye njaa waivute kamba. Usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba walitupa mapipa 1,500. Yaliyofika mikononi mwa wenyewe ni kama 300. Mengine yalipopambazuka ndege ziliyatoboa kwa risasi.

Walipohamisha mabaki Februari 1943, waliotoka walikuwa kama 10,000 kati ya zaidi ya 30,000. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi bali na njaa na maradhi. Askari wenyewe walikiita kisiwa cha njaa.

Swali langu kwa mwenye uzi: visiwa vile ni maelfu. Walivitekaje vyote?

Mwana_Kamalondo

Dada Mwalimu, hawakuviteka. Hapo ndipo penye akili.

Novemba 1943 waliichukua Tarawa, kisiwa cha Betio, kidogo mno, unakitembea chote asubuhi moja. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zikakwama kwenye mwamba, askari wakatembea mamia ya mita majini kifuani huku bunduki za rashasha zinawasubiri. Siku tatu, Wamarekani kama 1,000 wamekufa. Kwa walinzi Wajapani walionusurika ni 17 tu. Baada ya damu ile kila mtu akauliza: kisiwa gani kweli tunakihitaji?

Jibu: kile chenye nafasi ya uwanja wa ndege au maji ya kutia nanga, basi. Rabaul, kisiwa cha New Britain, kulikuwa na Wajapani kama 100,000, mahandaki, mizinga, kila kitu. Wakaizunguka. Wakajenga viwanja pande zote, wakazamisha kila meli inayojaribu kuingia. Truk nayo, ngome kuu ya Japani katikati ya Pasifiki, ilipigwa na ndege tarehe 17 na 18 Februari 1944, ikaachwa hapo hapo. Jeshi la Rabaul lilibaki linalima bustani za viazi mpaka mwisho wa vita. Halikushindwa vitani. Lilikosa meli ya kulitoa, na vita ikalipita.

Na meli hazikuwepo kwa sababu ya nyambizi. Watu wa nyambizi za Marekani hawakufika asilimia 2 ya jeshi lao la majini, lakini ndio waliozamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani. Tena mwanzo topido zao zilikuwa mbovu, zinapita chini ya meli au zinagonga bila kulipuka, mpaka 1943 ndipo zikatengenezwa. Japani iliingia vitani kutafuta mafuta ya Borneo na Sumatra. Ikayapata. Kuyafikisha nyumbani ndiko kulikoishinda, na kamandi maalumu ya kulinda misafara iliundwa mwishoni mwa 1943, wakati mwizi ameshabeba nusu ya nyumba.

Mzee_wa_Reli

Watoto wangu, mnaongea mambo ya mbali kana kwamba hapa hapakupita kitu.

Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa Tanganyika kwa meli zao. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili za kivita kutoka kwao, Mimi na Toutou, urefu kama mita 12 kila moja. Zikaja kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikapita hapa hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, reli ikaishia Fungurume. Kutoka pale zikavutwa porini na milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Matrekta yanataka maji, ni kiangazi. Nani aliyabeba? Wanawake wa vijiji, kichwani. Nani alifyeka njia na kujenga madaraja ya miti? Wenyeji. Halafu treni tena, mto Lualaba, treni tena mpaka ziwani. Siku moja baada ya Noeli ya 1915 wakamkamata Mjerumani Kingani, Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Kubwa yao, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe, ikaja kuinuliwa 1924, ndiyo Liemba.

Tena bomu mlilolitaja kwenye kichwa cha uzi, madini yake mengi, urani, yalitoka Shinkolobwe, hapo upande wa Likasi. Mwaka 1940 Sengier, mkubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alishahamishia tani zaidi ya 1,000 ng'ambo, zikakaa ghalani Staten Island, New York, mpaka Wamarekani walipozinunua Septemba 1942. Mengine yakafuata: treni mpaka Port-Francqui, siku hizi Ilebo, meli ya mto mpaka Léopoldville, siku hizi Kinshasa, treni mpaka Matadi, halafu Atlantiki yenye nyambizi za Wajerumani. Mwisho meli Indianapolis ikashusha vipande vya bomu Tinian tarehe 26 Julai 1945. Siku nne baadaye nayo ikazamishwa. Tinian ni kisiwa gani? Ni kile kile cha mafundi wenye buldoza: walijenga njia nne za kurukia ndege sambamba, Tokyo iko kilomita kama 2,400.

Kwa hiyo mkihesabu waliobeba vita ile kuvuka bahari, anzieni kwa mchimbaji.

Mwana_Kamalondo

Mzee, asante sana. Heshima yako.

Kadutu_Ngazi

Salamu kutoka Bukavu. Mmesahau Falklands 1982, visiwa vya Uingereza karibu na Argentina, na kwangu ndiyo mfano safi kuliko yote, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimeishiwa pumzi.

Argentina ilivichukua visiwa tarehe 2 Aprili. Viko kilomita kama 13,000 kutoka Uingereza. Katikati kuna kijisiwa kimoja tu, Ascension, chenye uwanja mmoja. Waingereza wakachukua mpaka meli za watalii, Canberra na QE2, kubebea askari. Usiku wa kuamkia Mei mosi wakataka kupiga uwanja wa ndege wa Stanley, mji mkuu wa visiwa, kwa ndege moja ya mabomu ya Vulcan kutoka Ascension. Ili ndege hiyo moja ifike na kurudi, zilihitajika ndege 11 za kubeba mafuta, zinajazana zenyewe kwa zenyewe angani, moja inarudi, nyingine inaendelea. Mabomu 21 yakadondoshwa. Lililopiga njia ya kurukia ni moja.

Tarehe 25 Mei meli ya mizigo Atlantic Conveyor ikapigwa kombora, ikaungua na helikopta kubwa tatu kati ya nne za Chinook. Mpango ulikuwa askari wapelekwe kwa helikopta. Ikabidi watembee kuvuka kisiwa kizima, mzigo mgongoni, matope na baridi, mpaka Stanley. Argentina ilisalimu amri tarehe 14 Juni. Uliza mtu yeyote meli gani zilizama vita ile, atakutajia Belgrano na Sheffield. Ya kontena haitaji.

Shofere_Kasumba

Ndege 11 kusukuma moja! Bale bapatron banalipa mazutu ya nani?

Mbishi_wa_Ruashi

Sawa, tuache historia. China na Marekani leo?

Mwana_Kamalondo

Leo umbali ni ule ule, hakuna aliyeusogeza. Mlango wa bahari kati ya China na Taiwan ni kilomita kama 180, na sehemu nyembamba ni pungufu ya hapo. Guam, kambi kubwa ya Marekani, iko kilomita kama 2,700 kutoka Taiwan, na California iko mbali kabisa. China ikipigana pale inapigana mlangoni kwake, karakana nyuma yake. Na viwanda ambavyo Mbishi anavipenda vimehama: karibu nusu au zaidi ya tani za meli za biashara zinazojengwa duniani zinajengwa China.

Kitu kimoja kinanishangaza. Wamarekani walichimba matanki 20 ndani ya mlima pale Hawaii, Red Hill, kazi ilianza 1940, kwa sababu waliona yale ya juu yako hatarini. Mwaka 2021 mafuta yakavuja yakaingia kwenye maji ya kunywa ya watu, na 2022 ikaamuliwa matanki yafungwe. Uamuzi ulikuwa wa haki kwa wananchi, siwezi kuubeza. Lakini akiba ile sasa lazima itawanywe bandari nyingi na iwe juu ya meli, na meli za mafuta zinahitaji mabaharia na ulinzi.

Upande wa pili, China ikitoka nje ya maji yake, inakuwa Rozhestvensky mpya. Mafuta yake mengi yanakuja kwa meli, sehemu kubwa kupitia mlango wa Malacca. Mimi sitabiri mshindi. Nasema tu anayebaki karibu na nyumbani ana nafuu, na kila mmoja atataka mwenzake ndiye asafiri.

Mbishi_wa_Ruashi

Naona unarudi kwenye viwanda kwa mlango wa nyuma. Nani ajenge hizo bandari za kubeba kama si tajiri?

Mwana_Kamalondo

Tajiri ndiyo. Lakini hata maskini huchagua anunue nini. Japani yenye chuma kidogo ilijenga Yamato na Musashi, manowari za mizinga kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa, tani zaidi ya 70,000 kila moja zikijaa. Yamato ilikaa Truk miezi mingi imetia nanga, haipigani, mafuta hayatoshi na wakubwa wanaogopa kuipoteza. Mabaharia wa meli nyingine wakawa wanaiita hoteli. Aprili 1945 ikatumwa Okinawa ikazamishwa na ndege kabla ya kufika.

Chuma kile kingetoa meli ngapi za mafuta na ngapi za kulinda misafara? Kama humu kuna fundi wa meli, au hata mtu wa karakana za Kalemie, atupigie hesabu.